Cheti cha Ngazi ya Tano Hakiandiki Programu

Ukikaa na watu wanaonunua mifumo ya kompyuta kwa niaba ya wizara, benki au mashirika ya umma, utasikia maelezo yale yale kila mradi unapoharibika. Programu imechelewa, imekula bajeti mara mbili, na ilipofika haikufanya kazi. Sababu, wanasema, ni kwamba kampuni iliyoitengeneza haijakomaa. Na dawa iko tayari: kampuni ipande ngazi za ukomavu, ipewe cheti, na zabuni ijayo itamke wazi kwamba asiye na ngazi ya tatu asijisumbue kuomba. Washauri wanaiuza dawa hii, wakurugenzi wanainunua, na wapo wahadhiri wanaoifundisha kana kwamba ni kanuni ya fizikia. Nashikilia kwamba maoni haya ni makosa, tena ya gharama kubwa, na anayelipa gharama hiyo mara nyingi si yule aliyetoa ushauri.

Kwanza tuyaeleze jinsi wenyewe wanavyoyaeleza. Mwaka 1984 Wizara ya Ulinzi ya Marekani, iliyochoshwa na programu za kijeshi zisizofika kwa wakati, iligharamia kuanzishwa kwa Taasisi ya Uhandisi wa Programu katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh. Miaka miwili baadaye alijiunga nayo Watts Humphrey, aliyekuwa ametumikia IBM kwa miaka 27. Humphrey alichukua wazo la Philip Crosby, ambaye katika kitabu chake cha 1979 kuhusu ubora alipanga hatua tano za ukomavu wa usimamizi, akalihamishia kwenye utengenezaji wa programu. Kitabu cha Humphrey cha 1989 kiliweka msingi. Mwaka 1991 taasisi ikatoa modeli kamili, CMM, na mwaka 2000 ikafuata CMMI, iliyounganisha modeli kadhaa za ukoo mmoja. Tangu 2016 modeli hiyo iko chini ya chama cha ISACA, na toleo lake la 3.0 lilitoka 2023.

Ngazi ni tano. Katika ya kwanza kuna vurugu, na kazi ikifanikiwa ni kwa jasho la watu wachache hodari. Katika ya pili kila mradi unapangwa na kufuatiliwa. Katika ya tatu taratibu zinaandikwa na kuwa za kampuni nzima. Katika ya nne zinapimwa kwa takwimu, na katika ya tano kampuni inatumia vipimo hivyo kujirekebisha bila kukoma. Watetezi wana hoja nne. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mradi usio na kumbukumbu hupotea vivyo hivyo. Kampuni isitegemee mtu mmoja ambaye akiugua au akihama kila kitu kinasimama. Kisichopimwa hakiwezi kuboreshwa. Na mnunuzi, ambaye si mtaalamu, anahitaji alama ya kumwongoza asije akatapeliwa. Mwishoni hutaja mifano miwili: programu ya vyombo vya anga vya Shuttle, na kampuni za India zilizojaza ngazi ya tano na kuiteka biashara ya dunia.

Hoja hizo zinasikika vizuri zikisemwa haraka. Tuzisome polepole.

1. Kinachopimwa ni nini

Wengi wanaodai cheti hiki hawajawahi kukaa ndani ya tathmini yake. Inakwenda hivi. Kampuni huchagua kitengo kitakachotathminiwa. Hailazimiki kuwa kampuni nzima. Miradi kadhaa ya kitengo hicho huchukuliwa kama sampuli. Huja mkuu wa tathmini mwenye leseni pamoja na timu yake, na ndani ya timu hiyo wanaruhusiwa kuwamo waajiriwa wa kampuni yenyewe. Katika toleo la 1.3, lililotoka 2010 na kutumika kwa miaka mingi, modeli ya utengenezaji ilikuwa na maeneo 22 ya taratibu: 7 ya ngazi ya pili, 11 yanayoongezwa ngazi ya tatu, 2 ya nne na 2 ya tano. Kwa kila tendo linalotakiwa timu hutafuta nyaraka, kisha huwahoji watu. Nyaraka zikipatikana na maneno ya watu yakilingana nazo, tendo huhesabiwa kuwa limetekelezwa. Ngazi hutangazwa, na hudumu miaka mitatu.

Katika mlolongo huo wote, hakuna mahali ambapo mtu anatakiwa kuiwasha programu. Hakuna anayemuuliza karani wa hospitali iwapo skrini inaganda anapoingiza mgonjwa wa pili. Programu inaweza kuwa mbovu kabisa na tathmini ikapita, kwa sababu swali linaloulizwa ni iwapo kampuni inafuata taratibu ilizojiandikia. Kampuni iliyoandika utaratibu mbaya na kuufuata kikamilifu itapanda. Kampuni yenye utaratibu mzuri uliomo vichwani na mikononi mwa watu wake, bila jalada, itabaki chini.

Chukua fomu moja tu, ile ya mapitio ya msimbo. Ina jina la faili, tarehe, majina ya waliopitia, idadi ya hitilafu zilizoonekana, muda uliotumika, na sahihi. Mapitio yenyewe ni kazi ya maana sana, na mhandisi anayesoma msimbo wa mwenzake kwa makini huokoa siku nyingi za mateso. Lakini alama za mapitio ya kweli hubaki kwenye msimbo uliobadilishwa na kwenye mabishano ya waliousoma. Fomu ni kitu kingine. Wiki chache kabla ya tathmini, kitengo cha ubora husambaza orodha ya fomu zinazokosekana, na wahandisi huacha kazi wakaketi kuzijaza. Mapitio ya Machi yanaandikwa Agosti. Hitilafu tatu hapa, mbili pale, dakika arobaini na tano. Hakuna anayeandika sifuri, maana itaonekana mapitio hayakufanyika. Hakuna anayeandika kumi na tisa, maana itazua maswali. Waliopitia kampuni zinazojiandaa kwa cheti wanaijua kazi hii. Baadaye tarakimu hizo ndizo zinazochorwa kwenye grafu za ngazi ya nne, na grafu hizo ndizo zinazodaiwa kuongoza maboresho ya ngazi ya tano. Orofa mbili za juu za jengo hili zimesimama juu ya tarakimu zilizotungwa na mtu aliyechoka, mwenye haraka ya kurudi kwenye kazi yake.

Na ile methali ya daftari? Mwenye duka huandika daftari lake kwa sababu jioni anataka kujua nani anadaiwa na bidhaa gani imekwisha. Akikosea, yeye ndiye anayepata hasara, kwa hiyo hakosei ovyo. Daftari la ngazi za ukomavu huandikwa ili mgeni alione. Anayeliandika hapati faida yoyote kwa kuandika ukweli, wala hapati hasara kwa kuandika uongo mdogo. Kumbukumbu za namna hiyo haziwezi kuilinda mali ya mtu yeyote.

2. Tovuti ya bima ya afya ya Marekani

Tarehe 1 Oktoba 2013 serikali ya Marekani ilifungua tovuti ya HealthCare.gov, ambapo wananchi wa majimbo 36 walitakiwa kununua bima ya afya kwa mujibu wa sheria ya Rais Obama ya 2010. Mkandarasi mkuu wa soko hilo la mtandaoni alikuwa CGI Federal, kampuni iliyokuwa imejitangaza kwa fahari kuwa miongoni mwa kampuni chache za Marekani zenye ngazi ya tano ya CMMI katika utengenezaji wa programu. Yaani kama kuna mnunuzi aliyefuata ushauri wa washauri wetu, ni huyu. Kileleni kwa ngazi hakuna pa kupanda tena.

Mamilioni ya watu waliifungua tovuti siku ile. Kwa mujibu wa kumbukumbu za vikao zilizotolewa baadaye na kamati ya Bunge, watu waliofanikiwa kujiandikisha siku ya kwanza walikuwa 6. Sita. Mfumo ulimtaka kila mgeni afungue akaunti kabla ya kuona bei yoyote, na hapo kwenye mlango wa akaunti ndipo kila mtu alipokwama. Majaribio ya mfumo mzima kutoka mwanzo hadi mwisho, wakandarasi walikiri mbele ya Bunge, yalifanyika wiki mbili za mwisho kabla ya kufunguliwa.

Watetezi wa ngazi watajibu kwamba kosa halikuwa la CGI peke yake. Ni kweli. Idara ya serikali iliyosimamia mradi ilijipa yenyewe kazi ya kuunganisha sehemu zilizojengwa na makumi ya wakandarasi, mahitaji yaliendelea kubadilika hadi dakika za mwisho, na siasa ziliifanya tarehe ya kufungua isiguswe. Lakini jibu hilo linaibomoa hoja yao wenyewe. Kama hatima ya mradi inaamuliwa na mahusiano kati ya mnunuzi, wakandarasi, sheria na tarehe, basi ngazi aliyopewa mmoja wao akiwa peke yake inamwambia nini mnunuzi? Cheti kilitolewa kwa kitengo, kwa miradi mingine, kwa wakati mwingine. Mnunuzi alikichukua kama ahadi juu ya mradi wake. Hakuna aliyemdanganya kwa maneno, lakini biashara yote ya vyeti inaishi kwa kutegemea kwamba atachanganya mambo hayo mawili.

Jinsi tovuti ilivyookolewa ndiyo sehemu ambayo watu wa ngazi hawapendi kuizungumzia. Kikundi kidogo cha wahandisi, baadhi yao kutoka kampuni za intaneti, waliingia na kukuta hakuna hata mahali pamoja pa kuona hali ya mfumo mzima: seva gani zinaelemewa, maombi mangapi yanakufa, yanafia wapi. Wakaweka vyombo vya kufuatilia. Wakaitisha vikao vifupi kila siku, Jumapili ikiwemo, ambamo anayezungumza ni yule anayelijua tatizo, si mwenye cheo kikubwa. Wakashughulikia jambo moja baya zaidi, kisha linalofuata. Kufikia mwanzoni mwa Desemba tovuti ilikuwa inabeba makumi ya maelfu ya watu kwa wakati mmoja. Januari 2014 serikali ikatangaza kwamba CGI inaondolewa. Ukizipima wiki zile za uokoaji kwa kipimo cha ngazi, zinaangukia ngazi ya kwanza: watu hodari, jasho, na hakuna jalada.

3. Shuttle

Mfano wa Shuttle ndio silaha kubwa ya watetezi, kwa hiyo tuushike vizuri. Timu ya IBM mjini Houston iliyoandika programu ya kuongoza vyombo vya Shuttle ilipewa ngazi ya tano mwaka 1989. Katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa na watu wapatao 260, programu yenye mistari 420,000 hivi, na bajeti ya dola milioni 35 kwa mwaka. Matoleo matatu yaliyotangulia yalikuwa yameonekana na hitilafu moja moja tu. Ni ubora ambao dunia ya programu haijauona mara nyingi.

Lakini angalia tarehe. Timu ile ilikuwa imeandika programu za anga tangu miaka ya 1970, na vyombo vilianza kuruka 1981, wakati modeli ya Humphrey haijazaliwa. Ngazi haikuwatengeneza; iliwakuta wamekwisha kuwa walivyo, ikawabandika namba. Kumtaja mtu aliyekwisha kupona kama ushahidi wa dawa ambayo hakuimeza ni kosa la mantiki ambalo mwanafunzi wa kidato cha pili angelikataa.

Angalia pia mazingira. Mteja mmoja. Kompyuta za aina moja, zisizobadilika kwa miaka. Kazi moja inayojulikana hadi kwenye desimali. Watu waliodumu kwenye timu wakiijua programu kama wanavyoijua nyumba yao. Fedha za kutosha kulipa zaidi ya dola 80 kwa mwaka kwa kila mstari wa msimbo uliokuwepo. Modeli ilichukua fomu na vikao vya Houston na kuyaacha masharti yaliyowezesha fomu na vikao hivyo kuwa na maana. Kisha inamwambia meneja wa Kampala mwenye wahandisi saba, wateja wanne na mkopo wa benki, kwamba akifuata fomu zile atafika walipofika wale.

4. Takwimu za kiwandani

Hapa nitapita haraka. Wazo la ngazi ya nne lina asili kwenye kazi ya Walter Shewhart wa kampuni za simu za Bell, aliyechora chati yake ya kwanza ya udhibiti mwaka 1924. Kiwanda kinatoa vipuri elfu kumi vinavyotakiwa kufanana. Chati inaonyesha lini mashine imeanza kupotoka. Kila kipuri ni marudio ya kile kilichotangulia, na ndiyo maana takwimu zina la kusema.

Programu hairudiwi hivyo. Kunakili iliyokwisha kuandikwa ni bure na huchukua sekunde, kwa hiyo kila kinachoandikwa upya ni kitu ambacho hakikuwepo. Moduli ya kukokotoa kodi ya mshahara na moduli ya kuzungumza na kisoma alama za vidole hazitoki kwenye mashine moja hata wastani wa hitilafu zake uwe na maana. Kuzichora kwenye chati moja na kuchora mistari ya mipaka juu na chini ni kuvaa joho la sayansi bila sayansi yenyewe.

5. Watu wanaoitwa mashujaa

Katika lugha ya modeli, kutegemea watu hodari ni dalili ya uchanga. Mwaka 1994 James Bach, aliyekuwa amefanya kazi Apple na Borland, aliandika makala maarufu dhidi ya CMM, akaonyesha kwamba kampuni zilizokuwa zinaibadilisha dunia ya programu wakati ule zingehesabiwa ngazi ya kwanza. Kwa maoni yangu, hoja yake haijapata jibu la kutosha hadi leo. Kama ngazi ya kwanza ni shimo ambamo mafanikio ni bahati, kwa nini bahati ile iliwaangukia watu wale wale mwaka baada ya mwaka? Linux, iliyoanzishwa 1991 na mwanafunzi wa Helsinki, inaendesha sehemu kubwa ya seva za dunia. Haijawahi kuomba ngazi kwa mtu.

Modeli yenyewe ililiona pengo. Mwaka 1995 taasisi ya Pittsburgh ilitoa modeli nyingine ya ukomavu, hii ya kusimamia watu, nayo ikiwa na ngazi tano. Mwaka huo huo Humphrey alichapisha kitabu kingine, safari hii kuhusu nidhamu ya mhandisi mmoja mmoja, pamoja na kumbukumbu zake za dakika na hitilafu. Mtu aliyejenga ngazi za mashirika alijikuta akirudi kwa yule anayeandika msimbo. Alistahili kukaa hapo muda mrefu zaidi. Mfumo unaotunza malipo ya wastaafu hauvunjiki kwa sababu waraka wa utaratibu umepotea. Unavunjika kwa sababu wale wawili walioelewa kwa nini malipo ya Desemba hukokotolewa tofauti wameondoka, baada ya miaka ya kulipwa vibaya na kujazishwa fomu.

Hofu ya kumtegemea mtu mmoja ni hofu halali. Dawa yake ni kuwa na watu watatu wanaojua, wakae pamoja, wasome msimbo wa kila mmoja, na wapewe sababu ya kubaki. Hiyo ni gharama ya mishahara na muda. Waraka ni rahisi zaidi kununua, na ndiyo sababu hununuliwa.

6. Kujenga vizuri kitu kisichotakiwa

Mwaka 2005 Vodafone na Safaricom walianza majaribio ya huduma ya simu nchini Kenya pamoja na Faulu, taasisi ya mikopo midogo. Lengo lililoandikwa lilikuwa mkopaji alipe deni lake kwa simu badala ya kubeba fedha taslimu hadi kikaoni. Wateja wakaifanyia huduma ile mambo mengine. Wakatumiana fedha wenyewe kwa wenyewe. Wakalipiana madeni. Wakaweka fedha kwa wakala wa mji mmoja kabla ya safari na kuzitoa mji mwingine, wasizibebe njiani. Huku Faulu ikihangaika kuoanisha malipo ya simu na vitabu vyake, waliokuwa wakiiendesha kazi hii walitazama kile watu wanachokifanya, wakauacha mkopo pembeni, na Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa kama njia ya kutuma fedha nyumbani. Kilichobaki kila mtu wa Afrika Mashariki anakijua.

Najua modeli ina tendo la kusimamia mabadiliko ya mahitaji: mabadiliko yanaandikwa, yanaidhinishwa, jedwali la ufuatiliaji linasahihishwa. Sibishi. Ninachosema ni kwamba hakuna ngazi inayotoa alama kwa kugundua kwamba lengo lenyewe halikuwa sahihi. Kwa modeli, mradi uliotimiza mahitaji yaliyosainiwa ni mradi uliofaulu. Timu ambayo ingemaliza kwa ukamilifu mfumo wa kulipia mikopo, kila fomu mahali pake, ingepata alama ya juu, na Wakenya wangeendelea kutuma fedha kupitia makondakta wa mabasi.

Upande wa pili wa jambo hili ni wa kuhuzunisha. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilianguka dakika sita baada ya kuruka, ikaua watu wote 157, Wakenya 32 wakiwa miongoni mwao. Programu ya Boeing iliyosukuma pua ya ndege ile chini haikuwa na kosa la mwandishi wa msimbo. Ilifanya ilichoagizwa: kuamini kihisio kimoja cha pembe ya ndege na kusukuma, na kusukuma tena. Programu za ndege hupita kwenye taratibu kali kuliko chochote kinachodaiwa na ngazi za ukomavu, na kila hatua huwa na karatasi yake. Karatasi zilithibitisha kwamba programu inalingana na maagizo. Uamuzi uliowaua watu ulikuwemo ndani ya maagizo, mahali ambapo mkaguzi wa ulinganifu hana swali la kuuliza.

7. Nani analipa

Gharama inayoonekana ni ada ya tathmini, ada ya mshauri anayekuandaa, na safari zao. Isiyoonekana ni kubwa zaidi: mishahara ya watu wanaoajiriwa kutunza ushahidi, na saa za wahandisi zinazoondoka kwenye programu kwenda kwenye jalada. Kampuni ya watu elfu tano inaigawa gharama hiyo hadi haionekani. Kampuni ya watu kumi na wawili wa Mwanza au Kigali haiwezi. Kwa hiyo zabuni inayodai ngazi ya tatu haichagui walio bora; inachagua wakubwa. Mgeni mwenye cheti hushinda, kisha kazi hupewa vijana wale wale wa hapa kwa mkataba mdogo, kwa sehemu ya bei, bila haki ya kuzungumza na mtumiaji. Mfumo ukiharibika baada ya miaka miwili, mgeni amekwisha kuondoka, na vijana hawana msimbo.

Pia kuna mgongano wa maslahi ambao haufichwi kabisa. Kampuni inayotathminiwa ndiyo inayomlipa mtathmini, na mtathmini anaishi kwa kuitwa tena baada ya miaka mitatu. Hakuna haja ya kumtuhumu mtu yeyote kwa rushwa. Inatosha kuuliza ni nani mle chumbani anayepata faida jibu likiwa hapana. Mwaka 1975 Charles Goodhart, mchumi wa Benki Kuu ya Uingereza, alionyesha kwamba kipimo hupoteza maana yake mara kinapotumiwa kama chombo cha kudhibiti. Ngazi ilipoanza kuamua nani apate mkataba, ilikoma kueleza nani anajua kazi.

Na India? Ofisi ya Motorola mjini Bangalore ilipata ngazi ya tano mapema miaka ya 1990, Wipro ikafuata mwishoni mwa muongo huo, na baada yao msururu mrefu. Lakini India ilikuwa imekwisha kuwekeza kwenye vyuo vya uhandisi tangu miaka ya 1950, ilikuwa na maelfu ya wahandisi wanaozungumza Kiingereza kwa mishahara ambayo Marekani haikuweza kuilinganisha, na mwishoni mwa miaka ya 1990 hofu ya kompyuta kukosea mwaka 2000 iliwaletea kazi isiyo na mwisho ya kusahihisha programu za zamani. Mteja wa Ohio asiyeijua Bangalore alihitaji kitu cha kumtuliza, na cheti kikamtuliza. Kilikuwa bango la duka. Kenya iliiweka huduma ya kufanyia kazi kampuni za nje kati ya sekta za Dira ya 2030, na naona hatari ya wetu kunakili bango na kusahau vile vyuo.

8. “Basi mnataka vurugu”

Hili ndilo jibu la haraka, na linadhani kwamba nidhamu na ngazi ni kitu kimoja. Kuweka kila badiliko la msimbo kwenye mfumo wa kutunza matoleo ni nidhamu. Kuandika majaribio yanayojiendesha yenyewe kila msimbo unapobadilika ni nidhamu, na hapo kompyuta ndiyo inayotoa ushahidi, haihitaji sahihi ya mtu. Kujaribu kurejesha nakala rudufu kabla ya siku ya maafa, kukaa pamoja baada ya mfumo kuanguka na kueleza kilichotokea bila kumtafuta wa kumfukuza, kupeleka mabadiliko madogo madogo kwa mtumiaji badala ya kumtupia mzigo mmoja baada ya miaka mitatu: yote haya ni nidhamu ngumu, na timu inaweza kuanza lolote kati yake Jumatatu bila kuuliza iko ngazi gani. Wengine watahitaji kuanzia mwisho wa orodha. Ngazi inawalazimisha wote waanzie hatua ile ile, hospitali na kampuni ya michezo ya simu, kana kwamba hatari zao zinafanana.

Hata walioasi wamerudi kwenye ngazi. Mwaka 2001 watu 17 walikutana Utah na kutia sahihi tamko la Agile, lililoweka watu mbele ya taratibu. Leo washauri wanauza modeli za ukomavu wa Agile, nazo nyingi zina ngazi tano. Nicole Forsgren na wenzake, katika kitabu chao cha 2018 kuhusu timu zinazofanya vizuri, waliikataa njia ya ukomavu waziwazi, kwa sababu inamwambia mtu kwamba kuna mwisho na akifika apumzike. Wakapendekeza kutazama mambo manne: badiliko linachukua muda gani kufika kwa mtumiaji, yanapelekwa mara ngapi, mangapi yanavunja kitu, na kikivunjika kinarudi baada ya muda gani. Vipimo hivyo navyo vitaharibika siku vitakapowekwa kwenye zabuni kama sharti. Vikibaki mikononi mwa timu yenyewe, vinasaidia.

Kwa hiyo nawaambia wanaoandika zabuni: ondoeni sharti la ngazi. Daini majina ya wahandisi watakaofanya kazi, na mkataba useme kwamba wakibadilishwa mtajulishwa. Nendeni mkauone mfumo ambao timu hiyo ilijenga miaka mitatu iliyopita, mkae na anayeutumia bila meneja kuwepo. Muulizeni lini mara ya mwisho ulizimika na nani alikuja. Gaweni kazi katika vipande vya miezi mitatu, kila kipande kiwe kitu kinachotumika, na mlipe kinapotumika. Msimbo uwe wenu tangu siku ya kwanza, kwenye hazina yenu, na siyo kwenye diski inayokabidhiwa siku ya sherehe. Na ajirini angalau mtu mmoja wa kwenu anayeweza kuusoma.